Wito Ulioishia Njiani

Nice alidanganya. Alisema "nimemwambia" na hakuwa amemwambia. Hakuiba, hakumpiga mtu, hakuvunja kitu chochote kinachoonekana kwa macho. Lakini kwa sababu ya neno lile moja, mzee mmoja alizikwa na jambo lake moyoni, na hakuna mtu wa kumfungulia tena.

Ilikuwa Jumamosi. Nice, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa ameamka mapema kama kawaida. Alichota maji bondeni mara mbili, akafagia uwanja, akawafunga mbuzi kwenye majani. Sasa alikuwa anaosha miguu ili aende shuleni. Saa nne mwalimu wa michezo angechagua wasichana wa timu ya netiboli, na alikwisha kusema kwamba atakayechelewa asijisumbue kuja.

Kabla hajavaa viatu, simu ya baba yake ililia. Baba yake, Desderius, aliisikiliza akiwa amesimama katikati ya uwanja. Alipomaliza, alimgeukia mkewe, Francisca, aliyekuwa akimenya ndizi.

"Mjomba Idefonsi amezidiwa. Wanasema huenda asifike kesho. Na anamwita mama mdogo Eustakia."

Francisca aliacha kisu. "Anamwita? Yeye mwenyewe?"

"Kwa mdomo wake."

Mzee Idefonsi aliishi Bugarama. Bibi Eustakia, dada yake wa tumbo moja, aliishi hapo hapo Mugoma, ng'ambo ya bonde. Marehemu mama yake Desderius alikuwa dada yao mkubwa. Idefonsi na Eustakia walikuwa hawajasemezana kwa miaka kumi na mmoja, kisa shamba la migomba la baba yao. Siku walipogombana, Eustakia alisema mbele ya wazee wa ukoo: "Sikanyagi kwa Idefonsi mpaka aniite mwenyewe." Idefonsi naye akajibu kwamba hatamwita. Kila mtu katika ukoo aliyajua maneno hayo, hata watoto. Na sasa alikuwa amemwita.

Desderius alipiga simu ya Eustakia mara tatu. Haikupatikana. Bila shaka ilikuwa dukani kwa Minani, ikichajiwa, maana nyumbani kwa bibi hapakuwa na umeme wala sola.

"Nice, kimbia kwa bibi Eustakia. Mimi natafuta gari," baba alisema. "Nisikilize vizuri. Uingie uani. Upige magoti, umsalimie, halafu umwambie: Babu Idefonsi anaumwa sana, anakuita yeye mwenyewe, gari linaondoka kwetu saa tano. Usimpigie kelele njiani kama unaita kuku. Habari ya mgonjwa inapelekwa mpaka ndani ya ua, ana kwa ana. Umenielewa?"

"Ndiyo, baba."

"Na umsubiri, uje naye."

Nice alivaa viatu, akakimbia. Kwenye daraja la magogo alimkuta rafiki yake Agness, tayari amevaa viatu vya michezo.

"Unakwenda wapi? Twende shule."

"Nimetumwa kwa bibi Eustakia."

Agness alicheka mpaka akajishika magoti. "Pole! Ukiingia kwa yule bibi asubuhi, unatoka na mvi."

Kweli, salamu za bibi Eustakia zilikuwa ndefu. Alisalimia kwa Kihangaza, kisha kwa Kiswahili, akamuulizia baba, akamuulizia mama, akaulizia mbuzi mmoja mmoja kwa rangi zao. Halafu alileta kiazi, na kiazi chake huondoki nacho mkononi. Unakaa, unakila, anakutazama mpaka umalize.

Waliongozana, maana njia ya shule ilikuwa hiyo hiyo. Walipofika mahali ambapo kijia cha kwenda kwa bibi kinaachana na njia kubwa, Nice alisimama. Nyumba ilionekana kati ya migomba. Moshi ulitoka jikoni. Uani hapakuwa na mtu.

"Piga kelele tu," Agness alisema. "Atasikia. Mwalimu ameshaanza kuita majina, shauri yako."

Nice alikusanya mikono mdomoni. "Bibiii! Bibi Eustakiaaa! Unaitwa nyumbani!"

Mbwa alibweka. Hakuna aliyejibu.

"Bibiii! Unaitwaaa!"

Mbwa alibweka tena. "Amesikia," alisema Agness. "Twende."

Wakaenda. Mwalimu aliita majina, akawapanga, akawajaribu kurusha mpira. Nice alifunga mara sita katika nane, akachaguliwa kuwa mfungaji wa timu. Alirudi nyumbani akikimbia, na alikuwa na furaha mpaka alipoliona gari dogo jeupe limesimama mbele ya nyumba yao.

"Yuko wapi?" baba aliuliza.

Nice alihema. Alitaka kusema kweli. Lakini akaona viatu vyake, vimejaa vumbi jekundu la uwanja wa netiboli, akaogopa.

"Nimemwambia. Amesema nitangulie, anakuja."

"Uliingia uani?"

"Ndiyo."

Walisubiri. Saa tano ikapita. Dereva, kijana aliyeitwa Danstan, alipiga honi mara mbili. "Mzee Desderius, nina abiria wananisubiri Rusumo. Huyo mama anatoka hapa ng'ambo au anatoka Biharamulo?"

"Nimfuate?" Francisca aliuliza.

Desderius alitazama ng'ambo ya bonde. Kisha akamgeukia mwanawe. "Nice. Una hakika alisema anakuja?"

Hapo palikuwa na nafasi nyingine, na ilikuwa wazi kabisa. Kwenda na kurudi mbio kungechukua nusu saa. Dereva angenuna, baba angegomba, basi.

"Nina hakika, baba."

"Basi amekataa," Desderius alisema, akafungua mlango wa gari. "Namjua. Anataka abembelezwe hata kwa mtu anayekata roho. Danstan, twende."

Mzee Idefonsi alifariki saa kumi alasiri. Desderius alipiga simu jioni, na Nice aliisikia sauti yake kutoka kwenye simu ya mama.

"Usiende kumwambia mama mdogo," alisema. "Aliitwa mtu akiwa hai, hakuja. Simwiti kwa maiti."

Francisca alibaki ameshika simu. "Mh. Haya," alisema. Nice alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwake, akipangusa vumbi kwenye viatu vyake.

Kesho yake, kanisani, katekista alisoma matangazo kabla ya kufunga ibada. "Tumwombee marehemu mzee Idefonsi wa Bugarama, aliyefariki jana. Maziko ni leo saa tisa."

Kwenye mabenchi ya mbele aliinuka mama mmoja mwembamba mwenye kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa bibi Eustakia.

"Idefonsi yupi?" aliuliza.

Katekista alikunja karatasi yake. "Mama... kaka yako."

Bibi Eustakia hakulia. Alitembea katikati ya watu, akatoka nje, na watu wakasikia akimwita kijana wa bodaboda. Wanawake walinong'ona: "Anajifanya hajui. Si aliitwa jana?" Nice alikuwa katikati yao, akiangalia vidole vya miguu yake.

Yeye na mama yake walifika Bugarama saa saba. Watu walikuwa wengi. Wanawake wa ukoo walikaa ndani kwenye majani makavu ya migomba, karibu na jeneza. Bibi Eustakia hakuwa pamoja nao. Alikuwa nje kabisa, karibu na ua, amekaa chini peke yake, vumbi la bodaboda limemganda usoni. Alikuwa amempa mkono Auleria, mjane wa Idefonsi, na Auleria hakuupokea.

Desderius alimwendea. Nice na mama yake walikuwa nyuma yake.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Desderius, kwa nini mmenifanyia hivi? Kaka yangu anaumwa, mtu hanidokezi?"

"Mama mdogo, tusidanganyane penye msiba. Jana uliitwa."

"Na nani?"

"Na mwanangu huyu. Nilimtuma. Ukamwambia atangulie, unakuja."

Bibi alimtazama Nice. Hakuonekana kukasirika. Alikuwa kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau. "Nice? Nice hajakanyaga kwangu tangu tuvune maharage."

Watu waliokuwa karibu waliguna. "Ee, sasa anamsingizia mtoto," alisema mwanamume mmoja. Mwingine akacheka kwa dharau. Mama mmoja akamvuta Nice kwake, akamfunika bega kwa khanga yake kama mtu anayemkinga.

Nice angeweza kunyamaza. Kila mtu pale alikuwa upande wake. Hakuna ambaye angemwamini bibi. Lakini mkono wa yule mama juu ya bega lake ulimchoma. Aliutoa.

"Bibi anasema kweli," alisema. Sauti haikutoka vizuri. Akarudia. "Bibi anasema kweli. Sikuingia. Nilipiga kelele njiani, nikaenda kwenye netiboli. Hakuambiwa."

Desderius alimgeukia bibi.

"Ile kelele," bibi Eustakia alisema polepole. "Nilikuwa nyuma ya jiko. Nilisikia mtoto anapiga kelele. Nikasema ni watoto wanafukuza mbuzi."

Auleria alikuwa ametoka mlangoni. Alikuja mpaka pale kwenye ua, akapiga magoti mbele ya wifi yake, akaushika mkono ule aliokuwa ameukataa.

"Alikuwa anakuuliza," alisema. "Kila gari lilipopita alisema, 'Eustakia amefika?' Mara nne aliuliza."

"Alitaka kuniambia nini?"

"Nilimwomba aniambie mimi, nikufikishie. Alikataa. Alisema, 'Hili nitamwambia mwenyewe.'"

Hapo ndipo bibi Eustakia alipolia. Wanawake walimwinua, wakamwingiza ndani, wakampa nafasi karibu na kichwa cha jeneza. Wakati wa maziko yeye ndiye aliyetupa udongo wa kwanza baada ya mjane. Waliomsema vibaya walimwendea mmoja mmoja wakaomba radhi, na Desderius alikuwa wa kwanza. Jina la bibi lilisafishwa siku hiyo hiyo, mbele ya watu wale wale.

Jumamosi iliyofuata Desderius alimchukua Nice wakaenda ng'ambo ya bonde. Alibeba mkungu wa ndizi begani, na njiani hakumgombeza. Alisema mara moja tu, bila kugeuka nyuma: "Na mimi nina kosa langu. Nilikuamini upesi kwa sababu nilikwisha kumwona mkaidi siku nyingi. Ningekwenda mwenyewe."

Safari hii Nice aliingia uani. Alipiga magoti, akasalimia kwa Kihangaza, akajibu kuhusu mama, kuhusu mbuzi mweusi na mbuzi mwenye mabaka. Kisha akasema, "Bibi, nimekuja kuomba msamaha."

"Nimekusamehe pale pale msibani," bibi alisema. "Ungenyamaza ningezeeka na jina la mwanamke aliyekataa wito wa kaka yake. Hilo umenirudishia, nami nakushukuru. Lakini usidhani yote yamerudi."

Alichochea moto, akatoa kiazi kwenye majivu, akakipangusa.

"Sisi wazee tunawaambia ingieni ndani, pigeni magoti, salimieni kwanza. Mnadhani tunapenda kuwachelewesha. Mtu anayekuja kunisalimia ananiona kama nipo au sipo, nimesikia au sikusikia. Adabu kazi yake ni hiyo. Ungeingia, ungenikuta nyuma ya jiko. Na kosa la kwanza lilikuwa dogo, mjukuu wangu. Mtoto kukimbilia mchezo ni jambo la kawaida. Ungerudi ukasema, 'Baba, sikumwona,' tungekuwa na gari na tungekuwa na muda. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna kitu cha kuokoa. Ukichelewa unasema kweli, lakini kweli yenyewe haina tena wa kumsaidia."

Alimpa kiazi. Nice alikaa, akakila chote, na bibi akamtazama mpaka akamaliza.

Walipoaga, Nice alihesabu hatua zake kutoka mlangoni mwa bibi mpaka njia kubwa, pale aliposimama siku ile akapiga kelele. Zilikuwa arobaini na sita. Babu Idefonsi alisubiri tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri: muda wa saa saba. Aliuliza mara nne. Alikuwa na jambo moja la kumwambia dada yake baada ya miaka kumi na mmoja, na halijulikani.