Nakala Iliyochoka

Picha iliibwa na fremu ikaachwa. Ilining'inia palepale ukutani, kioo kizima, katika jumba la picha karibu na Holborn, London. Ndani yake alikaa bibi wa kitajiri wa mwaka 1764, lakini hakuwa yule wa siku zote.

"Hii nakala imechoka," Angel, mwanafunzi kutoka Ilford aliyegundua wizi, alimwambia Inspekta Lusajo. "Picha kama hii, mezotinti, huchapwa kwa sahani ya shaba. Karatasi za kwanza hutoka nyeusi tii, kama mahameli. Sahani ikitumika sana inalika, picha inatoka kijivu. Jumba lilikuwa na nakala zote mbili, nzuri ukutani, mbovu stoo. Mtu kazibadilisha."

"Tangu lini?"

Mkurugenzi Lawrence aliangalia viatu vyake. Kila asubuhi alipita hapo na wageni. Wakubwa ndivyo walivyo. Mshahara wa kutazama wanachukua, kutazama hawatazami.

Kufuli halikuvunjwa. Alama za vidole hakuna. Lusajo aligeuza fremu. Karatasi ilikuwa imeshikizwa kwa vipande viwili vyembamba.

"Gundi ya unga wa ngano," Angel alisema. "Ya kupika. Haiumizi karatasi."

Mwizi mwingine angebandika selotepu akaondoka. Huyu aliionea huruma hata ile mbovu. Lusajo akamwita fundi wa fremu, Telesphor.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kumbe polisi wa huku nao wanaamkia."

"Wa Tukuyu tunaamkia. Mzee, mwizi gani anapika gundi?"

Telesphor aliangalia vile vipande viwili. "Mkono umeshazoea, afande."

"Umemuuzia nani?"

"Kuuza? Njoo uone."

Walishuka chini ya ardhi, hadi chumba cha wasafishaji cha kubadilishia nguo. Kuta zilikuwa zimelowa. Telesphor alifungua kabati la chuma. Picha ilikuwa humo. Kuvu ilikuwa imemla bibi uso na shingo, mpaka lulu za masikioni.

"Kabati la mke wangu, Marcelina. Kasafisha hapa miaka kumi na tisa. Kikohozi kakipatia humu humu. Nimeandika barua nne, wanasema fungu hakuna. Picha za huko juu zilipojikunja kidogo tu, wiki hiyohiyo ikaletwa mashine ya kukausha hewa. Marcelina tumemzika Februari."

"Na picha?"

"Nilitaka kuona huyu bibi wa kwenye picha angekaa humu muda gani." Sauti yake haikupanda. "Miezi mitatu, afande. Mitatu tu."

Lusajo alimsomea haki zake, akamtia pingu polepole.

Lawrence akashuka mbio, akaona kabati, akashika kichwa. "Itoeni haraka," alisema. "Humu hamfai kuweka kitu chochote."

Nyuma yake Miska, msafishaji wa zamu ya mchana, aliomba njia. Akatundika koti lake kwenye msumari, akaanza kufunga aproni.