Ufito wa Zuhura

Kila jioni Mwanaidi akitoka shamba la kijiji, alimkuta binti yake Zuhura akiruka matuta ya viazi nyuma ya nyumba. Baba yake, Mbaraka, alimtania, "Huyu tumezaa mtoto au panzi?"

Siku moja Zuhura alirudi kutoka shuleni akiburuta miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona hivyo?"

"Kwenye kuruka juu nimeangusha ufito mara tatu. Wamenicheka. Wananiita Gogo. Siruki tena."

Mwanaidi akamkumbatia. "Basi, mwanangu, acha. Michezo si ya kila mtu."

Kesho yake Zuhura hakuruka matuta. Aliyazunguka.

Mwalimu Klara alikuwa jirani yao. Ndiye aliyefundisha michezo shuleni na kisomo cha watu wazima jioni. Baada ya kisomo, Mwanaidi alimfuata.

"Mwalimu, tafadhali usimpeleke Zuhura mashindanoni Rangwi. Ataaibika."

Klara alimaliza kufuta ubao. "Mama Zuhura, mshindi wa kuruka juu anamalizaje?"

"Anavuka."

"Anaangusha. Akivuka, tunaupandisha ufito. Akivuka tena, tunaupandisha tena, mpaka umshinde. Hakuna anayetoka pale bila kuuangusha. Lakini mtoto wako sasa anadhani ukianguka ndiyo mwisho."

Mwanaidi akainamisha macho. "Nilimwonea huruma."

"Huruma ni njema. Mpe na mazoezi. Wekeni ufito chini, pale anapovuka bila shida. Upandisheni kidole kimoja kimoja. Akiangusha, usimcheke, wala usimwambie basi. Muulize mguu gani umegusa, kisha arudie."

Mwanaidi alisimika nguzo mbili zenye panda. Akalaza ufito wa mwanzi, akarundika majani makavu ya migomba upande wa pili.

Zuhura akatazama. "Huu hata mbuzi anavuka."

"Mbuzi amekwisha vuka. Tunakungoja wewe."

Zuhura alicheka kidogo. Akavuka. Wakapandisha. Siku nyingine ufito ulianguka, naye akanuna. Mama aliuliza, "Mguu gani?" Zuhura akafikiri. "Wa nyuma. Nachelewa kuuinua." Akarudia.

Siku ya Rangwi, Mwanaidi alisimama pembeni akiuma pindo la kanga. Zuhura alivuka pale palipomshinda shuleni. Akavuka na juu yake. Kisha ufito ukaanguka mara tatu. Watoto fulani walicheka. Zuhura aliuokota mwenyewe, akaurudisha mahali pake.

Hakupata zawadi. Alimjia mama yake mbio. "Kisigino, mama. Ni kisigino tu. Kesho tuupandishe."

Kesho yake Mbaraka aliutazama ufito ule. "Kumbe ndio huu mnaosumbukia?" Akakaza mkanda, akakimbia. Akaanguka na ufito, chali juu ya majani.

Mwanaidi alitaka kucheka, akajizuia.

Zuhura alimnyooshea baba yake mkono. "Mguu gani umegusa, baba?"

"Yote miwili."

"Basi tuushushe kidogo," alisema Zuhura. "Kisha urudie."