Hakimu Ahamia Tangi Jipya

Kila asubuhi, kabla kinyozi hajafungua saluni, mama mkwe wake alimshtaki kwa samaki.

Mama alivuta kiti mbele ya tangi la kioo pale sebuleni. Ndani ya tangi mlikuwa na maji ya chumvi, mawe, matumbawe laini, na samaki mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe. Samaki huyo alinunuliwa na marehemu mumewe. Mama alimwita Mzee, kama alivyokuwa akimwita mumewe, na alimsimulia kila kitu.

"Mzee, mkwe wetu jana aliacha taulo lenye nywele kwenye meza ya chakula," alisema. "Binti yako akimwambia, anajibu, 'Najua.' Kama anajua, mbona haliondoi?"

Kinyozi aliyasikia yote kutoka chumbani huku akifunga vifungo vya shati. Alivumilia, maana mkwe ni mkwe. Lakini moyoni alishampa samaki yule jina lake mwenyewe. Alimwita Hakimu.

Basi siku moja tangi likaanza kuvuja. Gundi ya pembeni ilikuwa imezeeka, na maji yakawa yanachuruzika hadi kwenye zulia. Kinyozi akaweka beseni chini. Mama akashika tama.

"Mwanangu," alisema, "mume wangu aliniachia vitu viwili tu vyenye uhai: mke wako na huyu samaki. Mke wako namwona ana afya."

Kinyozi alielewa. Samaki akifa mikononi mwake, nani ataamini kuwa ni bahati mbaya? Mtu anashtakiwa kila asubuhi, kisha hakimu anakufa ghafla. Hata yeye mwenyewe asingeamini.

Akanunua tangi jipya, kubwa kuliko la zamani. Mkewe akamuuliza, "Unajua namna ya kumhamisha samaki?"

"Najua. Maji, chumvi, samaki. Kuna siri gani hapo?"

Alilijaza tangi maji ya bomba. Akamimina chumvi ya jikoni, pakiti baada ya pakiti, akakoroga kwa mwiko. Kisha akachota kwa kijiko, akaonja.

"Imekolea," alisema.

Mama naye akaonja. "Bado. Hii ni bahari au uji wa mgonjwa? Ongeza."

Akaongeza. Wakaonja tena, wakakubaliana. Ilikuwa mara ya kwanza wawili hao kukubaliana jambo, na wote wawili walikuwa wamekosea.

Mkewe aliona mambo yanaharibika. Akatoka kimya kimya kwenda kumwita jirani yao, mwanamke aliyeuza samaki wa mapambo na kutunza matangi ya hoteli. Walipoingia, walimkuta kinyozi ameshika jiwe kutoka tangi la zamani. Mkono wa pili ulikuwa na brashi yenye povu la sabuni.

"Shemeji, weka brashi chini," jirani alisema. "Hilo jiwe lina uhai."

Kinyozi akaligeuzageuza. "Jiwe?"

"Ndani ya vitundu vyake mna vijidudu ambavyo huwezi kuviona kwa macho. Hivyo ndivyo vinavyosafisha uchafu wa samaki. Bila hivyo, uchafu unageuka sumu. Ukilisugua kwa sabuni, umewaua wafagiaji wote kabla hujahamia nyumba mpya. Lirudishe majini, lisikauke."

Kinyozi akalirudisha taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Na maji haya je?" Mama aliuliza. "Tumeyaonja wenyewe."

Jirani alikitazama kijiko, akazitazama pakiti, akabana kicheko. "Mama, ulimi haupimi bahari. Chumvi hii ni ya chakula. Maji ya bahari yana madini mengi ambayo haya hayana. Na maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu. Dawa hiyo humuunguza samaki pale anapopumulia. Ukimtia humu, hafiki jioni."

Kinyozi akafungua mdomo. Neno "najua" lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi. Akamtazama Mama. Mama alikuwa ameshikilia kile kiti chake cha kila asubuhi, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Kinyozi akamhurumia kwa dhati, akalimeza lile neno.

"Sijui," alisema. "Nielekeze, jirani. Nianzie wapi?"

Mkewe alishika mlango asianguke.

"Kuuliza si ujinga," jirani alisema. "Kwanza, mwaga yote hayo."

Wakamwaga. Wakalisuuza tangi jipya kwa maji matupu, bila sabuni. Jirani akaleta maji yaliyochujwa na chumvi maalumu ya matangi ya bahari. Wakavichanganya kwenye pipa safi, wakaacha pampu ndogo iyazungushe na hita iyapashe joto mpaka kesho yake. Asubuhi jirani akayapima kwa kipimo cha chumvi, kisha akapima maji ya tangi la zamani. Vipimo vikalingana. Mama akaomba kuonja kidogo tu. Akakataliwa.

"Sasa chomoa nyaya zote za umeme," jirani alisema. "Maji na umeme havipatani. Tena hita ikiwaka nje ya maji hupasuka."

Kinyozi akachomoa. Wakajaza maji ya zamani kwenye ndoo ambazo hazikuwahi kuguswa na sabuni. Matumbawe wakayashika kwenye vijiwe yalikoota, si kwenye nyama yake, wakayaweka mbalimbali kwa sababu huumizana yakigusana. Kisha kinyozi akachukua wavu, akaanza kumkimbiza Hakimu. Hakimu akaingia nyuma ya jiwe. Kinyozi akamfuata. Hakimu akatokea upande wa pili.

"Acha kumkimbiza, utamchosha," jirani alisema. "Toa mawe yote na upunguze maji. Atakosa pa kujificha."

Ikawa kweli. Samaki akaingia wavuni, akatiwa kwenye ndoo ya maji yake ya zamani, na mpira mwembamba wa kupulizia hewa majini ukawekwa.

"Funika ndoo. Huyu akiogopa huruka."

Kinyozi alifunika kwa kusitasita. Mara, pu! Kifuniko kikagongwa kutoka ndani. Tangu hapo hakubishana tena.

Mchanga mchafu wa chini haukuhamishwa, kwa sababu ukivurugwa hutoa sumu. Wakaweka mchanga mpya uliosuuzwa, wakaongeza bakuli moja la mchanga safi wa juu uliotoka tangi la zamani. Wakapanga mawe na matumbawe, wakamimina maji mapya pamoja na yale ya zamani. Mwisho, jirani akampa kinyozi mpira mwembamba wa kudondoshea maji ya tangi jipya kwenye ndoo ya samaki.

"Tone kwa tone," alisema. "Mwili wake uyazoee. Ukimtumbukiza ghafla, atashtuka na anaweza kufa."

Kinyozi akakaa kwenye kigoda, mpira mkononi. Mteja aliyekuwa amenyolewa nusu ya kichwa akachungulia kutoka saluni iliyopakana na sebule.

"Kinyozi, na upande huu je?"

"Subiri. Nampa maji Hakimu."

"Hakimu ndiye nani?" Mama aliuliza.

Kinyozi akainama, akahesabu matone kwa bidii.

Siku zilizofuata hakuwasha taa ya tangi kwa muda mrefu, alimlisha samaki kidogo kidogo, na alipima maji kama jirani alivyomfundisha. Matumbawe yakafunguka tena. Samaki akala, akanenepa, akachagua jiwe lake. Zulia likakauka.

Asubuhi moja kinyozi alikuwa chumbani akifunga vifungo. Akasikia kiti kikivutwa.

"Mzee," Mama alianza, "mkwe wetu ameacha tena taulo mezani."

Kinyozi akashusha pumzi.

"Lakini siku ile alisema, 'Sijui.' Mbele za watu. Nimesikia kwa masikio yangu. Wewe, Mzee, miaka yote ya ndoa yetu, neno hilo hukuwahi kulitamka."

Samaki akafungua mdomo, akaufunga. Kinyozi akatoka chumbani, akaenda mezani, akaliondoa taulo.