Kikohozi Ndani ya Bomba la Moshi

Josaphat hakuwa mtu wa kuogopa ukungu. Alizaliwa Alimbongo, na kule juu ukungu huingia hata jikoni bila kubisha hodi. Jioni ile alikuwa anarudi kutoka Butembo na dawa za mtoto ndani ya koti. Zilibaki kilomita sita tu afike nyumbani, pikipiki ikakohoa mara mbili na kuzima.

Saa kumi na moja na nusu. Lori la mwisho lilikuwa limeshapita. Kulia mlima, kushoto bonde, na kote ukungu.

"Ni sasa unanifanyia hivi?" aliiuliza pikipiki.

Ilikuwa ya zamani, ya zile ambazo unachanganya oili na esansi, yaani petroli, mwenyewe, kisha unamimina yote ndani ya tangi. Moshi wa buluu, kelele za kinu kibovu. Vijana wenye pikipiki mpya walimcheka, naye aliwaacha wacheke, kwa sababu alikuwa na fundi ambaye wao hawakuwa naye. Kasonia wa Vulamba, rafiki yake tangu darasa la kwanza, ndiye pia alikuwa parrain wa binti yake Hadassa, aliyemsimamia siku ya ubatizo. Kasonia alimfundisha kuitibu pikipiki hiyo kwa mpangilio: kwanza buji inayotoa cheche, kisha esansi, kisha hewa. Bomba la moshi tu ndilo alilomkataza. "Échappement uniachie miye," alimwambia kila mara. "Ile ni kazi ya fundi."

Basi Josaphat akaanza. Alifungua buji, akaigusisha kwenye injini, akapiga kiki. Cheche iliruka, ya buluu, nzuri. Akachomoa mpira wa kabureta, na esansi ikamwagika vidoleni ikinuka oili kama inavyotakiwa. Akatoa chujio la hewa, akalipuliza. Lilikuwa safi.

Akarudisha kila kitu mahali pake. Akapiga kiki.

Kho... kho.

Ikanyamaza.

Akapiga tena. Kho, kho, kho... Sauti ilitoka nyuma, kwenye bomba. Ilikuwa ndogo, ya kifua chenye maji. Pikipiki hizi hukohoa, kila mtu anajua. Lakini hii, baada ya kukohoa, ilivuta pumzi.

Kisha ikaja harufu ya kitambaa kinachoungua. Na ndani yake harufu nyingine, tamu, ambayo aliijua ila hakukumbuka ya wapi. Ya kanisani... Ndiyo. Krisma, mafuta yale padri anayompaka mtoto utosini.

Josaphat alifuta mikono kwenye suruali na kumpigia Kasonia.

"Ndugu, piki imekufa. Cheche iko. Esansi iko. Hewa iko. Vyote viko, mais haiwaki."

"Piga kiki," Kasonia alisema kwa sauti ya chini. "Hapana choka. Itawaka."

"Nifungule échappement?"

Nyuma ya Kasonia, huko Vulamba, mtoto alikuwa anacheka. Josaphat alimjua: Agar, binti wa Kasonia, aliyekohoa mwaka mzima mpaka madaktari wakamwambia baba amrudishe nyumbani. Kisha, wiki moja baada ya Pasaka, akapona ghafla. Wote walimshukuru Mungu. Josaphat mwenyewe alipeleka jogoo siku ya misa ya shukrani.

"Hapana gusa ile!" Kasonia alisema. "Nilisafisha miye mwenyewe. Piga tu, ndugu. Mara moja tu."

Simu ikakatika. Kabla hajairudisha mfukoni ikalia tena. Alikuwa Nadège, mkewe.

"Baba Hadassa, uko wapi? Homa ilianza kupanda saa ile ulitoka Butembo. Ikapanda, ikapanda... Sasa imesimama, mais mutoto anashtuka."

"Anashtuka namna gani?"

"Anakohoa mara mbili, halafu ananyamaza. Halafu tena. Sawa mutu anamufinya."

Josaphat aliitazama kiki.

"Weka simu karibu na kinywa yake," alinong'ona.

Akaiweka simu yake juu ya kiti, sauti yote wazi. Akakanyaga kiki, polepole kabisa.

Kho... kho, likasema bomba.

Kho... kho, ikasema simu.

"Umesikia?" Nadège aliuliza. "Ni hivyo tu, hivyo tu."

Josaphat alikuwa ameshapiga magoti kwenye tope na ufunguo wa bolti, namba kumi. Mwisho wa bomba la pikipiki kama hizi kuna kijibomba cha ndani chenye matundu, kinashikwa na bolti moja. Bolti hiyo ilikuwa mpya, imekazwa na mtu mwenye nguvu. Mkono ulimteleza, ngozi ikachubuka.

"Wacha, ndugu."

Sauti ilikuwa sikioni mwake. Simu ilikuwa juu ya kiti, na ndani yake Nadège alikuwa anaomba Salamu Maria.

"Wacha. Piga kiki moja tu... inaisha."

Ilikuwa sauti ya Kasonia. Harufu yake pia, ya grisi na sabuni ya unga. Changarawe ililia nyuma yake, hatua moja, halafu nyingine. Josaphat hakugeuka. Alijua kwamba akigeuka hatamaliza. Bolti ikaachia. Alishika kijibomba kwa koleo, akavuta kwa uzito wote wa mwili wake, kikatoka.

Kilikuwa kimeviringishwa kitambaa.

Alikifungua juu ya goti. Kilikuwa cheusi kwa masizi, kimelowa oili, lakini katikati palibaki weupe, na juu ya weupe huo nyuzi za buluu. HAD. Herufi zilizofuata hazikuwepo. Hazikuungua. Kitambaa kilikuwa kimekatwa kwa mkasi.

Ilikuwa nguo nyeupe ya ubatizo wa Hadassa. Solange, mke wa Kasonia, ndiye aliyeshona jina lile. Siku ya Pasaka Kasonia aliiomba, akasema kwao parrain huitunza nguo hiyo mpaka mtoto apate komunyo ya kwanza. Wakampa, imekunjwa vizuri, pamoja na mkate. Nguo ya mtoto haipewi mtu baki, na wao hawakumpa mtu baki, walimpa ndugu.

Hadassa alianza kuumwa wiki ile ile Agar alipopona. Na kila safari ya kutafuta dawa, Josaphat alikuwa anamchoma mwanawe kwa mguu wake mwenyewe.

Alilia pale njiani. Woga ulikuwepo, lakini kilichomliza ni ule mkate.

Pikipiki iliwaka kwa kiki ya kwanza. Nyuma yake hapakuwa na mtu tena.

"Amelala," Nadège alisema kwenye simu, akicheka na kulia. "Jasho inatoka. Homa inashuka!"

Asubuhi Hadassa aliomba uji. Alikaa karibu na jiko na kijiko chake, amekonda, lakini macho yamerudi. Josaphat alikuwa amemweleza mkewe yote, na Nadège alikuwa amesema, "Kasonia? Hapana. Kasonia hapana," mpaka alipokiona kitambaa. Sasa kilikuwa mezani kati yao. Wote wawili walikuwa wanatazama pale mkasi ulipopita.

Nusu nyingine ilikuwa wapi?

Huko chini, mbali, pikipiki ilikuwa inapanda mlima. Ya zamani. Kelele za kinu kibovu.

Hadassa aliweka kijiko chini.

Kho.

Injini ikabadilisha gia, ikanguruma. Kho, kho. Mtoto alishika kifua. Nadège alimkumbatia.

"Parrain anakuya," Hadassa alisema.

Josaphat alinyakua ufunguo namba kumi na kukimbia mpaka barabarani. Kasonia alitokea kwenye ukungu, peke yake, macho mekundu, nguo zote tope. Inaonekana alikuwa amepiga magoti chini ya mlima, akifungua na kufunga bomba lake. Alipomwona rafiki yake amesimama katikati ya njia, alizima injini.

Ndani ya nyumba, kikohozi kikakatika papo hapo.

"Ulifungula," Kasonia alisema. Hakuwa na hasira.

"Ulikuwa parrain yake."

"Agar ameanza tena kukohoa. Jana, saa kumi na mbili." Alijifuta tope usoni kwa kiganja. "Nilimuuliza yule mutu alinifundisha hii, kama kuna namna ingine. Alisema hakuna."

"Mutu gani?"

Kasonia aligeuza kichwa, akatazama kiti cha nyuma kilichokuwa kitupu. Alikitazama kama mtu anayesubiri kuruhusiwa kusema.

Ncha ya bomba lake ilikuwa inafuka. Uzi wa buluu ulikuwa unaning'inia pale. Hatua tatu tu. Josaphat alipiga moja.

"Unisamehe, ndugu," Kasonia alisema, na akaweka mguu juu ya kiki.