Kifuu Namba Nane

Mwatima alipenda kumaliza kazi zake mapema. Akishafagia uwanja na kuteka maji, humwekea bibi yake, Bi Bimkubwa, chai yake ya asubuhi, kisha hushika njia ya skuli. Siku hizo hakuna aliyetaka kuchelewa, kwa sababu darasa lao la sita lilikuwa likijiandaa kwa shindano la sayansi, na kazi zote zilitakiwa kutumwa kwa kompyuta.

Chumba cha kompyuta cha skuli yao ya Kiuyu kilikuwa na jambo moja la ajabu. Pembeni mwa mlango palikuwa na ubao wenye misumari, na kwenye kila msumari kilining'inia kifuu cha nazi kilichoandikwa namba kwa rangi nyekundu.

Vifuu vilikuja baada ya radi. Radi ilikiunguza kile kikasha kilichokuwa kikizigawia kompyuta anwani za mtandao. Kila kompyuta inahitaji namba yake peke yake. Zikipata mbili namba moja, mtandao haujui uipe ipi, na zote mbili hukwama. Kwa hiyo Mwalimu Ashraf aliamua kugawa namba kwa mkono hadi kikasha kipya kifike.

Kwanza aliziandika kwenye vipande vya karatasi. Feni ikavipeperusha. Kisha akawaandikia wanafunzi viganjani. Ilipofika adhuhuri wote walikwenda kutia udhu, wakarudi na viganja vyeupe, kila mtu akidai namba tatu ni yake. Ndipo mwalimu akaleta vifuu. Unachukua kimoja, unaingiza namba yake kwenye kompyuta, unakiweka juu ya meza. Ukimaliza, unakirudisha msumarini.

"Skuli nyengine zina mitambo, sisi tuna vifuu," alisema Shamima, rafiki yake Mwatima. "Iko siku kompyuta hizi zitatuomba na mbuzi ya kukunia nazi."

"Nawe utaitwa uzikunie," alijibu Mwatima.

Alhamisi, Mwatima alipata wazo. Aliogopa kwamba Jumamosi, siku ya mwisho ya kutuma kazi, wengine wangewahi vifuu vyote. Basi alipomaliza kutumia namba nane, hakuirudisha. Aliitia mkobani akaenda nayo nyumbani.

Jioni alirudi kutoka chuoni, alikosoma Kurani, akamkuta Bi Bimkubwa jikoni akipika mkate wa ufuta.

"Kifuu chako kikavu kweli, mjukuu wangu," alisema bibi akipepea moto. "Nimekiona mkobani nikajua umeniokotea njiani. Ahsante."

Mwatima alitazama motoni. Ukingo mmoja wa kifuu ulikuwa bado una alama ya rangi nyekundu, nao ulikuwa ukigeuka kaa. Akamwacha bibi aamini hivyo. Siku ya pili alitafuta kifuu kingine, akakiandika nane kwa rangi ya kucha ya dada yake.

Hakujua kwamba mwalimu naye alikuwa ameona msumari mtupu. Mwalimu alidhani kifuu kimepotea, akatengeneza kipya chenye namba ile ile.

Jumamosi Mwatima alifika akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya dirishani na kifuu chake cha siri, bila kutazama ubaoni. Shamima alikuja nyuma yake, akatungua namba nane msumarini, akakaa upande wa pili wa chumba. Kazi yake ilihusu namna ya kuanika mwani usiingie mchanga. Alikuwa amehangaika nayo mwezi mzima pamoja na mama yake, anayelima mwani. Mwisho wa kutuma ulikuwa saa sita mchana.

Alibonyeza kutuma. Kompyuta ikakwama. Akajaribu tena, ikakwama. Ya Mwatima nayo ikakwama.

"Mwalimu, yangu imegoma," alisema Shamima.

Mwalimu Ashraf alikagua nyaya. Akaingia chini ya meza, akatoka na utando wa buibui kichwani. Watoto wakacheka, lakini Shamima hakucheka. Alikuwa akitazama saa ya ukutani.

Mwatima alikiona kifuu kilichokuwa mezani kwa rafiki yake. Nane. Alielewa papo hapo. Angeweza kuizima kompyuta yake kimya kimya, na hakuna ambaye angejua. Lakini akiizima, kazi yake mwenyewe haitakwenda. Na akienda kuchukua namba nyengine, mwalimu atamuuliza ile aliyokuwa nayo imetoka wapi.

"Mwalimu," alisema, akasimama na kifuu mkononi. "Nane ziko mbili. Hii nimeitengeneza mimi."

Akaeleza yote, hata mkate wa ufuta.

"Kwa hiyo anwani yetu imeliwa," alisema mwalimu, akijikaza asicheke. Kisha uso wake ukawa mzito. "Zima kompyuta yako, Mwatima. Shamima, jaribu sasa."

Kazi ya Shamima ikaenda. Alishusha pumzi, akafunika uso kwa mtandio.

"Na mimi, mwalimu?" aliuliza Mwatima.

"Kumi na mbili iko msumarini. Ilikuwapo tangu asubuhi, haijaguswa. Lakini utasubiri mpaka wenzako wamalize."

Wenzake walipomaliza, saa sita ilikuwa imepita. Kazi ya Mwatima haikutumwa.

Nyumbani alimsimulia bibi yake huku analia. Bi Bimkubwa alimkalisha karibu yake mkekani.

"Kumbe nimepikia mali ya skuli," alisema. "Ungeniambia, kifuu kile ningekiweka kabatini pamoja na sahani za wageni."

"Niliogopa, bibi."

"Uliogopa jioni, ukanyamaza. Asubuhi ukatengeneza cha uongo, na leo mwenzako angekosa haki yake bila kosa. Umeona hofu ilivyokupeleka mbali? Kifuu kuungua si neno, nazi zimejaa. Neno ni kuchukua cha wote ukakifanya chako, kisha ukaficha. Lakini leo umesema mwenyewe, mbele ya watu, huku ukijua utakosa. Hilo nimelipenda. Siku nyengine liseme mapema, likiwa bado dogo."

Akampangusa machozi kwa ncha ya kanga, akamkatia kipande cha mkate.