Jozi Kumi na Mbili za Uongo

Ukitaka kumjua mtu tabia, mpeleke kwenye foleni. Na foleni ya ofisi ya leseni za biashara, ghorofa ya tatu, lifti mbovu, feni moja inayozungusha joto tu, ndiyo baba lao. Hapo ndipo Gundi alipomwona Fasta kwa mara ya kwanza, akiruka foleni.

Gundi alikuwa fundi viatu, mtoto wa fundi viatu. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu ya harufu ya duka lao na kwa sababu akishika jambo haachii. Siku hiyo alivaa gauni la bluu, kilemba cha njano na viatu vya ngozi alivyoshona mwenyewe, na alikuwa amesimama tangu mlango unafunguliwa. Mara akatokea kijana mmoja, shati jeupe limenyooshwa likanyooka, mkoba wa kompyuta begani, simu mbili mkononi. Akapita pembeni ya watu wote akaenda kuegemea dirisha la karani.

"Kaka," Gundi akasema. "Mwisho wa foleni ni huku."

"Nina swali moja tu, dada. Fasta fasta."

"Hata sisi tuna swali moja moja. Rudi nyuma."

"Dakika moja tu."

"Nimesema rudi. Au unataka nije nikurudishe?"

Watu wakaguna, wengine wakacheka. Kijana akarudi, lakini alipogeuka soli ya kiatu chake cha kulia ikaachia mbele, ikawa inapiga sakafu pa, pa, pa, hadi alipofika nyuma ya Gundi.

"Umefurahi sasa?" akamuuliza.

"Sijafurahi. Hicho kiatu umenunua lini?"

"Mwezi uliopita."

"Basi umeuziwa karatasi."

Walisimama hapo saa mbili. Foleni ikimaliza kukuudhi huwa inakuzoesha, na kabla hawajafika dirishani walikuwa wameshajuana kazi. Kijana alikuwa anawafungulia watu maduka mtandaoni. Kila alichokifanya alikifanya mbio, ndiyo maana wenzake wakamwita Fasta. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa Gundi, kiatu kimefungwa kamba.

"Hiki kitupe," Gundi akamwambia. "Vua soksi, simama kwenye karatasi."

"Si nikae tu?"

"Simama. Mguu wa mtu aliyekaa haujabeba kitu, umejikunja. Akisimama unatanuka. Viatu vyote vinavyobana duniani vilipimwa mtu amekaa."

Akapiga magoti, akauzungusha mguu kwa penseli polepole. Fasta akainama akaangalia kile kilemba, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na haraka ya kwenda popote. Baba wa Gundi, aliyekuwa kwenye kigoda chake ananoa visu kwa mikono inayotetemeka, akakohoa kwa nguvu. Mikono ile haikuweza tena kukata ngozi, lakini macho yalikuwa mazima.

Baada ya wiki mbili mzee akamuuliza binti yake, "Huyu kijana ana miguu mingapi? Kila siku yupo hapa."

Wakapendana, nisikufiche. Simu ilikuwa inalia asubuhi kabla Gundi hajafungua mlango.

"Gundi wangu, umeamkaje?"

"Nimeamka na kazi. Wewe umeamka na maneno."

"Nimeamka na wewe kichwani. Umenigandia."

"Kajisugue na petroli, inatoa."

"Laazizi, mbona hivyo? Nakuja mchana."

"Njoo. Lakini usikalie ngozi zangu kama jana."

Ni Fasta aliyeleta wazo la duka la mtandaoni, na lilikuwa wazo zuri. Watu waliokuwa wanapita mtaani kwao walikuwa wamepungua, na mzee alikuwa anahitaji matibabu ya ile mikono. Shida ilikuja kwenye msingi. Fasta alisema msingi wa biashara ya mtandaoni ni picha nzuri, saizi zilizoandikwa, na mzigo kumfikia mteja ndani ya siku tatu. Gundi alisema msingi wake ni mguu wa mteja. Kila mteja asimame kwenye karatasi, mtu amchore, atume hiyo karatasi, halafu asubiri wiki tatu.

"Hakuna mtu atakayekubali kuchorwa mguu, mpenzi. Watu wanataka kubonyeza tu."

"Basi wasiokubali si wateja wangu."

"Utaanza na wateja wawili."

"Nitaanza nao hao wawili."

Wakabishana wiki nzima. Siku ya mwisho mzee alikuwa amejikata kidole, Gundi ana pamba mkono mmoja na dawa mkono mwingine, na Fasta bado amesimama mlangoni anazungumzia saizi. Gundi akamwambia bila kugeuka, "Haya, fanya unavyojua." Jamani, mtu aliyelelewa nyumbani kwao na mama yake anajua hapo ni pa kunyamaza na kuondoka. Fasta akachukua maboksi aliyokuwa anayapiga picha, yale yenye chapa ya mzee ya sindano na uzi, akaenda zake akiamini amepewa ruhusa.

Na hapa ndipo ninapomkasirikia hadi leo. Alifungua duka siku hiyohiyo. Akaandika saizi, akaahidi siku tatu. Wateja kumi na wawili wakabonyeza. Kijana badala ya kwenda kwa mpenzi wake akamwambia nimeharibu, akaona aibu, akaenda kwenye maduka ya jumla akanunua jozi kumi na mbili za viatu vya kiwandani, akavitia kwenye maboksi ya sindano na uzi, akavituma. Mjinga gani huyo? Mjinga anayependa, utaniambia. Sawa, lakini ni mjinga.

Gundi hakujua lolote mpaka simu ilipolia siku ya tano.

"Wewe ndiye fundi wa viatu vya mtandaoni?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, imechoka na imekasirika.

"Ndiye mimi, dada. Nikusaidie nini?"

"Mimi ni muuguzi. Nasimama wodini kutwa nzima. Nimevaa viatu vyako siku mbili tu, soli imebanduka na visigino vyote vimechubuka. Leo nimehudumia wagonjwa nimevaa ndala."

"Samahani, dada, lakini mimi sijakushonea viatu."

"Boksi ninalo hapa, lina sindano na uzi. Namba yako imeandikwa ubavuni. Sasa unanikana?"

"Sikukani. Naomba unitumie picha."

Picha ikaja. Boksi la baba yake, na ndani yake plastiki iliyopakwa rangi ya ngozi. Uso wa Gundi ukamwaka moto. Hakuvua hata aproni.

Fasta alikuwa anafanyia kazi kwenye ukumbi wa kukodi meza, vioo kila upande, watu kimya wamechomeka waya masikioni. Gundi akaingia na aproni yake yenye madoa, mkasi bado mfukoni. Waya zikaanza kutoka masikioni moja baada ya nyingine.

"Ni wangapi?" akauliza.

"Mpenzi, kaa kwanza tuongee."

"Sikai. Umewatumia watu wangapi?"

Fasta akaona mkasi, akaona macho, akajua hakuna pa kujificha. "Kumi na wawili."

"Kumi na wawili. Na mimi ulikuwa unanipigia kila asubuhi, laazizi, umeamkaje."

"Nilikuwa nakusaidia. Mtandao haumsubiri mtu. Mteja wa kwanza akicheleweshewa, duka limekufa. Nilitaka uanze na msingi mzuri, watu waone mizigo inatoka."

"Msingi gani? Baba yangu ameshona miaka arobaini bila mtu kumrudishia kiatu. Hatuna nyumba, hatuna gari, tuna hilo tu. Wewe umechukua boksi lake, umeweka takataka ndani, umempelekea mtu anayesimama kutwa kuhudumia wagonjwa."

"Ulisema nifanye ninavyojua."

"Ndivyo unavyojua? Kudanganya?"

Fasta akaifunga kompyuta.

"Nilikupenda, ndiyo maana nilitaka—"

"Usiniletee mapenzi hapa. Ungenipenda ungeniuliza. Funga hilo duka leo. Halafu namba yangu uifute."

Akaondoka. Kwenye ngazi akalia, kwa hasira kuliko huzuni, akajifuta kwa aproni mpaka gundi ikamgusa jicho, akazidi kulia.

Siku tatu alikata ngozi kama anayeichukia. Fasta akipiga, anaigeuza simu kifudifudi. Siku ya nne akamtumia ujumbe mmoja: nipe namba za wale watu kumi na wawili, niwaombe radhi. Jibu likaja: niachie mimi, nilianza mimi. Gundi akasonya, akamwonyesha baba yake.

"Ona huyu. Hata radhi anataka kuniibia."

"Hebu kula kwanza," mzee akasema. "Aliyetukanwa ni mimi, anayefunga ni wewe. Haya mambo mmeyapanga vipi?"

"Baba, huna hasira?"

"Ninayo. Nikimwona nitampiga na hiki kigoda. Lakini tumbo langu halijakosa kitu."

Halafu simu zikaanza kuingia. Kwanza mwalimu mmoja: kijana amekuja kwangu, amerudisha pesa, amesema viatu havikuwa vyako na wewe hukujua, na kwamba aliyedanganya ni yeye. Kisha mama mmoja muuza vitambaa: huu ni wazimu wenu wawili au ni wake peke yake, maana amenichora mguu sebuleni kwangu. Wakafika wanne, wakafika saba. Gundi alikuwa anajibu kwa upole, akikata simu anatukana hewa. Moyo ulikuwa umeanza kulegea na hilo ndilo lililokuwa linamuudhi zaidi.

Wa mwisho kupiga alikuwa yule muuguzi.

"Huyo mtu wako amefika kwangu. Nimemfukuza. Nimemwambia, kachukue radhi zako, sitaki. Na kesho asirudi, nitatoka zamu mchana nimechoka."

"Una haki, dada," Gundi akasema.

Alipokata simu alikaa na wazo moja. Fasta hajui, akawaza, kama muuguzi amenipigia. Atakuja na karatasi ngapi? Kuchora mguu wowote na kusema ni wa muuguzi lilikuwa jambo dogo sana kwake. Dada zake wapo, miguu yao ipo. Akijileta na karatasi kumi na mbili, basi amekwisha, hata angekuja analia.

Kesho yake saa nne asubuhi Fasta akaingia. Shati halikunyooshwa, ndevu zimeota. Mzee akakishika kigoda, Fasta akakiona, hakurudi nyuma. Akaweka bahasha juu ya meza.

Gundi akazitoa karatasi moja moja bila kusema neno. Kila moja ilikuwa na mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, na kazi ya mwenyewe imeandikwa pembeni. Alipofika mwisho akazihesabu tena.

"Mbona kumi na moja?"

"Wa kumi na mbili ni muuguzi. Amenifukuza, na ana haki. Nimerudi mara mbili, mara ya pili hakufungua kabisa. Sina mguu wake, Gundi. Sikuweza."

Gundi akageukia ukutani, akajifanya anatafuta penseli. Alipogeuka alikuwa ameshika karatasi ya juu kabisa na amekunja uso.

"Hawa uliwachora wamesimama?"

"Niliwaambia wakae. Niliona aibu kuwasimamisha watu kwao."

"Wote?"

"Wote."

"Karatasi zote hizi hazifai. Umechora miguu kumi na moja ya watu wanaoangalia televisheni."

Mzee ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka kigoda kikamponyoka. Gundi hakucheka. Alivua aproni, akafunga kilemba upya, akachukua karatasi safi.

"Unaenda wapi?" Fasta akauliza.

"Tunaenda. Kumi na moja turudie, lakini tunaanza na muuguzi. Leo anatoka zamu mchana. Miguu iliyosimama tangu alfajiri ndiyo ya kupimwa."

Njiani hawakushikana mikono. Fasta alijaribu kusema kitu mara mbili, Gundi akamwambia nyamaza, bado nina hasira na wewe, na nitakuwa nayo mpaka niseme imekwisha. Muuguzi alikuwa anakaa kwenye jengo la ghorofa, chumba cha mwisho, nguo nyeupe za kazi zimeanikwa kwenye kamba nje. Gundi akabisha.

Mlango ukafunguliwa nusu. Mwanamke mnene, macho mekundu ya usingizi, plasta kwenye visigino vyote viwili. Akamtazama Fasta, mkono ukaenda kwenye kitasa.

"Wewe tena. Nilikwambiaje?"

"Dada, mimi ndiye fundi," Gundi akasema haraka. "Niliongea na wewe kwenye simu. Sijaja kukuomba usahau. Nimekuja kukupima, nikushonee viatu vya kusimamia, na ukiviona havifai utanifukuza na mimi."

"Wewe sina ugomvi na wewe. Lakini huyu umemleta wa nini? Huyu ni nani wako?"

Fasta akaangalia chini. Alijua jibu analostahili, na alikuwa amejiandaa kulisikia.

"Ni mchumba wangu," Gundi akasema. "Ndiye aliyekudanganya, na ndiye nitakayeolewa naye. Nikimwacha nyumbani nitakuwa nakuficha kitu na mimi."

Fasta akainua kichwa, mdomo wazi. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari hizo.

Muuguzi akawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Basi pole yako, dada," akasema, na akafungua mlango wote.