Fuvu Chini ya Waridi

Plasta ilikataa kukauka. Ersilia aliigusa asubuhi, akaigusa tena mchana, na waridi alilolifinyanga juu ya fuvu la ng'ombe bado lilikuwa na uvuguvugu, linanata, linanuka mafuta ya nyama iliyoungua.

Mafuvu ya plasta yamezunguka kuta zote za ukumbi wa chakula katika jumba la Bwana Oberto, hapa Genova, kila moja limevikwa shada la maua, kwa kuiga mahekalu ya Warumi. Ng'ombe wa kafara alipambwa hivyo kabla ya kuchinjwa. Oberto analijua hilo vizuri tu, ila binti yake anaolewa, na eti wageni hawawezi kula wakitazamwa na mifupa, basi ameagiza kila fuvu lifunikwe uso kwa mawaridi. Kiburi gani hiki, jamani!

"Gualtiero, shuka," Ersilia alimnong'oneza mdogo wake aliyekuwa juu ya jukwaa la mafundi. "Hapa si pazuri."

"Dada nawe! Njaa tu hiyo."

Akacheka, akabandika waridi jingine. Ndipo pumzi ikasikika ukutani, nzito, ya mnyama aliyefungwa kamba, ikapita nyuma ya plasta fuvu hadi fuvu mpaka ikamfikia Gualtiero, naye akaanza kupumua nayo, akaanguka kwa magoti, macho yakageuka meupe, na mstari mwekundu ukaanza kujichora shingoni mwake, polepole, kutoka chini ya sikio kuelekea kooni.

"Mlinivika maua, mkanichinja," ikasema sauti isiyo yake. "Mkala, mkashiba. Leo hata uso wangu unawachefua?"

Ersilia akapanda jukwaani na nyundo.

"Weka chini hiyo!" Oberto akafoka kutoka mlangoni. "Ukivunja ua hata moja, kazi katika mji huu utaisikia tu!"

"Ndugu yangu anakufa, wewe unaniambia maua?"

"Anaigiza huyo! Mvivu mkubwa!"

Hasira zikampanda Ersilia. Akayapiga mawaridi yote, moja baada ya jingine, huku akilia na kutukana, mpaka mafuvu yakabaki wazi. Ule mstari ukakoma. Gualtiero akakohoa, akaita, "Dada," kwa sauti yake mwenyewe.

"Mtanitambua nyie..." Oberto alianza.

Neno halikwisha. Kinywa kikabaki wazi, kikatoa mlio mrefu wa ng'ombe, akaanguka kwa magoti, na chini ya sikio lake pakaanza kuwa pekundu.

Binti yake akaja mbio. "Mungu wangu! Baba ana nini?"

Ersilia alimshika mdogo wake mkono, wakampita.

"Anaigiza," akasema.